Sarafu Zilizolala Chini ya Atlantiki

Paukwa!

Nimewasikia mkiitikia. Basi sogeeni, wanangu, maana hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina nahodha, kimbunga, ndege wawili na dhahabu tele, na kila kilichomo kilitokea kweli.

Tuanze na sarafu moja. Ni ya Marekani, ya dola 20, ya mwaka 1857. Upana wake ni milimita 34, umeuzidi kidogo mfuniko wa chupa ya soda, lakini ukiiweka kiganjani utashtuka kwa uzito: gramu 33 na zaidi. Sehemu tisa kati ya kumi ni dhahabu. Iliyobaki ni shaba, nayo ilichanganywa humo kwa sababu dhahabu tupu ni laini mno, ingechakaa upesi mifukoni mwa watu. Upande mmoja kuna kichwa cha mwanamke mwenye taji, amezungukwa na nyota 13, na chini yake umeandikwa mwaka. Upande wa pili kuna tai aliyetandaza mabawa, ngao kifuani, na chini ya mkia wake imebanwa herufi ndogo S. Herufi hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha sarafu. Inatuambia ilipigwa San Francisco, California, kwenye kiwanda cha serikali kilichofunguliwa mwaka 1854.

Dola 20 zilikuwa fedha nyingi. Kibarua wa New York alipata takriban dola moja kwa siku, kwa hiyo sarafu hii moja ilikuwa jasho lake la karibu mwezi mzima. Mwaka ule wa 1857 kiwanda cha San Francisco kilipiga sarafu za namna hii 970,500. Nyingi zilizunguka madukani na kwenye mabenki, zikakwaruzika, zikasuguana hadi nywele za yule mwanamke zikafifia, kisha zikayeyushwa. Lakini elfu kadhaa zilipandishwa melini zikiwa bado zinang'aa kutoka kwenye mashine, na hizo ndizo zenye hadithi.

Dhahabu yenyewe ilikuwa imegunduliwa Januari 1848, pale fundi mmoja aitwaye James Marshall alipoona vipande vinavyometa kwenye mfereji wa kinu cha kupasulia mbao. Habari zikavuma. Watu wakamiminika California kutoka kila pembe ya dunia, wakachimba, wakachuja mchanga wa mito, na baadhi yao wakapata. Sasa shida ikawa namna ya kuirudisha mali nyumbani. Benki kubwa na familia za wengi zilikuwa upande wa pili wa bara, New York na miji jirani, na katikati kulikuwa na milima, jangwa na safari ya miezi. Reli ya kukatisha Marekani haikuwepo bado.

Njia ya haraka ilikuwa ya kuzunguka kusini. Msafiri alipanda meli San Francisco akashuka Panama. Kwa kuwa mfereji wa Panama haukuwa umechimbwa, alivuka kwa treni, kilomita zipatazo 77, kutoka bahari moja hadi nyingine. Huko akapanda meli ya pili, ikapita Havana, Kuba, na kumfikisha New York. Dhahabu nayo ilifuata njia hiyo hiyo: masanduku ya wafanyabiashara yenye hati na bima, na mikanda, mikoba na vijaluba vya abiria wenyewe, ambavyo havikuandikwa popote.

Tarehe 20 Agosti 1857 meli iitwayo Sonora iling'oa nanga San Francisco. Waliokuwa ndani yake walivuka Panama salama, na tarehe 3 Septemba wakaondoka kwa meli ya pili. Jina lake Central America.

Ilikuwa meli kubwa ya moshi, urefu wake mita 85, ya mbao, yenye milingoti mitatu ya matanga na magurudumu mawili makubwa ya chuma ubavuni yaliyokuwa yakipiga maji kuisukuma. Nahodha wake alikuwa William Lewis Herndon, ofisa wa jeshi la majini, mtu aliyewahi kuusafiri mto Amazon na kuandika taarifa yake. Ndani ya meli kulikuwa na watu 578 hivi. Walikuwemo wachimbaji waliofanikiwa na waliokata tamaa, akina mama na watoto, na maharusi kadhaa. Bibi harusi mmoja, Adeline Easton, alikuwa njiani kwenda fungate na mumewe Ansel. Mwingine, Virginia Birch, alikuwa ameolewa na mchekeshaji maarufu wa San Francisco, naye alisafiri na chiriku wake wa manjano ndani ya tundu. Mkumbukeni huyo chiriku.

Meli ilitoka Havana tarehe 8 Septemba, hali ya hewa ikiwa nzuri. Tarehe 9 upepo ukaanza kuvuma, na tarehe 10 ukawa tufani. Abiria hawakuogopa sana mwanzoni. Mabaharia waliwaambia meli hii imezoea. Ijumaa tarehe 11 asubuhi ikajulikana kwamba maji yanaingia.

Hapa nataka mnielewe vizuri, kwa sababu hapa ndipo meli ilipopotea. Maji yaliyoingia yaliifanya meli iinamie upande mmoja. Ilipoinama, wapakia makaa walishindwa kuyasukuma makaa ya mawe kuyafikisha kwenye matanuri. Moto ukapungua nguvu, mvuke ukapungua, na pampu zilizokuwa zikitoa maji, ambazo zilitegemea mvuke huo huo, zikadhoofika. Maji yakazidi, meli ikazidi kuinama, mwisho maji yakafika kwenye moto na kuuzima. Magurudumu yakasimama. Meli isiyo na mwendo haiwezi kuyakabili mawimbi kwa omo yake; inageuka na kupigwa ubavuni. Walijaribu kutweka tanga, upepo ukalichana.

Nahodha Herndon akawaita wanaume wote wafue maji. Wakajipanga mistari kutoka chini kabisa ya meli hadi juu ya sitaha, wakipokezana ndoo, makopo na chochote kinachoshika maji. Tajiri alisimama karibu na mpishi, jaji karibu na mchimbaji. Waliimba ili mikono isichelewe. Walifua maji Ijumaa nzima, usiku kucha, na Jumamosi. Bendera ya meli ikapandishwa juu chini, ishara ambayo baharia yeyote anaielewa: tunaangamia.

Jumamosi mchana ikaonekana jahazi ya milingoti miwili, Marine, iliyokuwa nayo imejeruhiwa na tufani. Nahodha wake, Hiram Burt, akasogea karibu kadiri alivyoweza. Herndon akatoa amri kwamba wanawake na watoto watangulie. Waliteremshwa mmoja mmoja kwa kamba hadi kwenye mashua zilizokuwa zikipanda na kushuka na mawimbi, na baadhi yao walitumbukia baharini kabla ya kuvutwa ndani. Virginia Birch alikuwa karibu kuondoka alipomkumbuka ndege wake. Akarudi, akamtoa kwenye tundu, akamtia kifuani ndani ya nguo, akashuka naye. Watu kama 100 walifika kwenye Marine, wakiwemo wanawake wote na watoto wote. Chiriku pia alifika, mzima.

Waliobaki walikuwa wanaume wapatao mia nne na ushee, na dhahabu.

Walionusurika walisimulia baadaye jambo ambalo mimi huliona ni kiini cha hadithi hii yote. Ndani ya vyumba vya meli watu walifungua mikanda yao na mikoba, wakamwaga dhahabu sakafuni, wakawaambia wenzao achukue anayetaka. Hakuna aliyechukua. Miaka mitano, sita, saba ya kuchimba, ya kulala kwenye hema na kupiga koleo katika maji ya barafu, ilikuwa imetapakaa miguuni mwao, nao waliikanyaga wakipita. Mtu anayejua kwamba saa ijayo ataogelea hawezi kufunga kilo kadhaa za dhahabu kiunoni.

Saa mbili hivi za usiku, tarehe 12 Septemba, Central America ilizama, shetri ikitangulia. Herndon alikuwa amevaa sare yake rasmi, akasimama mahali pake, akaenda na meli.

Ndege wa pili anaingia hapa. Usiku ule ule nahodha wa Norwe, Anders Johnsen, alikuwa akipita na meli yake ya matanga iitwayo Ellen. Alieleza baadaye kwamba ndege wa baharini alimrukia na kumpiga, akaondoka, akarudi tena. Johnsen aliichukulia kuwa ishara, akabadili mwelekeo. Baada ya muda alianza kusikia sauti za watu gizani, wameng'ang'ania mbao. Aliwaokoa karibu 50. Wengine watatu waliokotwa na meli nyingine baada ya kuelea zaidi ya wiki moja. Waliokufa walikuwa takriban 425.

Huko New York mabenki yalikuwa tayari yanayumba tangu Agosti, na dhahabu hiyo, ambayo hati zake zilionyesha thamani ya zaidi ya dola milioni 1 za wakati ule, ilikuwa ikisubiriwa kwa hamu. Kupotea kwake kuliongeza hofu. Oktoba mabenki yakaacha kuwalipa watu dhahabu kwa noti zao. Hayo ni mambo ya wanauchumi. Sisi turudi baharini.

Mahali ilipozama meli ni zaidi ya kilomita 250 kutoka pwani ya Carolina, na kina chake ni mita 2,200 hivi. Hakuna mzamiaji anayefika huko. Jua halifiki. Mbao za meli zililiwa na viumbe vya baharini, vyuma vikaota kutu, na kutu hiyo ikasambaa juu ya kila kitu kwa rangi ya chungwa iliyokoza. Sarafu za fedha zilichakaa. Lakini dhahabu haishikwi na kutu, wala chumvi haiidhuru. Sarafu zilizokuwa zimepangwa kwa safu ndani ya masanduku zilibaki zimesimama kwa safu hata baada ya masanduku yenyewe kuoza. Zilivikwa tu koti la kutu ya vyuma vya jirani.

Zilikaa hivyo miaka 131.

Katika miaka ya 1980 mhandisi mmoja wa Ohio, Tommy Thompson, aliamua kuzitafuta. Hakuanza kwa kwenda baharini. Yeye na wenzake walianza kwa kusoma. Walikusanya maelezo ya walionusurika yaliyochapishwa kwenye magazeti ya 1857, na kumbukumbu za manahodha waliopita karibu. Kila mmoja alikuwa ameitaja sehemu tofauti. Wangemwamini nani? Mtaalamu wa hesabu, Lawrence Stone, akawafanyia kazi ambayo wanafunzi mnaochukia hesabu mnapaswa kuisikia. Hakuchagua shahidi mmoja na kuwatupa wengine. Alipima kila ushahidi una uzito gani, akahesabu upepo na mkondo ungeisukuma meli umbali gani, kisha akachora ramani ya bahari iliyogawanywa katika miraba. Kila mraba ulipewa namba inayoonyesha uwezekano wa meli kuwa ndani yake. Walianza kutafuta kwenye miraba yenye namba kubwa, wakivuta nyuma ya chombo chao mtambo wa sona unaotuma mawimbi ya sauti hadi sakafu ya bahari na kusikiliza mwangwi wake. Eneo walilolipekua lilikuwa kubwa, maelfu ya kilomita za mraba.

Walitengeneza pia roboti, wakaiita Nemo, yenye uzito wa tani kadhaa, taa, kamera na mikono. Tarehe 11 Septemba 1988, siku moja kabla ya kutimia miaka 131, roboti hiyo ilimulika gurudumu kubwa la ubavuni limelala kwenye matope. Kengele ya meli iliyopatikana hapo iliondoa shaka. Halafu kamera ikaonyesha dhahabu: matofali yamerundikana, na sarafu zimezagaa sakafuni mwa bahari.

Sasa utaziokotaje? Mkono wa chuma ukiigusa sarafu laini utaiacha na mkwaruzo, na mkwaruzo mmoja unaweza kuipunguzia nusu ya thamani yake. Wakabuni njia. Roboti ilimimina silikoni ya majimaji juu ya rundo la sarafu, ikaganda na kuwa mpira laini uliozikumbatia zote kwa mpigo, na bonge zima likapandishwa juu. Melini walilichambua taratibu, sarafu moja moja. Hadi mwaka 1991 walikuwa wametoa sarafu za dhahabu zaidi ya 7,000 na matofali zaidi ya 500.

Mwanasayansi mkuu wa kikosi hicho alikuwa Bob Evans, mtaalamu wa miamba, na kwangu yeye ndiye shujaa wa sehemu hii. Alizisafisha sarafu kwa miaka. Ilimpasa atafute dawa inayoyeyusha kutu na madini yaliyoganda bila kuigusa dhahabu wala ile shaba kidogo iliyomo ndani yake. Hakusugua. Hili naomba lishikwe na kila mtoto anayependa sarafu za kale: ukiisugua kwa mchanga, majivu, dawa ya meno au hata kitambaa kikavu, unaondoa ngozi yake ya juu, na ngozi hiyo hairudi. Sarafu hushikwa kwa ukingo, kati ya kidole gumba na cha shahada. Uso wake hauguswi.

Koti la kutu lilipotoka, wakusanyaji hawakuamini macho yao. Zaidi ya sarafu 5,000 zilikuwa za dola 20 za mwaka 1857 zenye herufi S, na nyingi kati yake hazikuwahi kutumika kununulia kitu. Zilitoka kiwandani, zikaingia sandukuni, zikazama. Mng'ao wa mashine ulikuwa bado juu yake.

Wakusanyaji hupima hali ya sarafu kwa kipimo cha 1 hadi 70, kilichobuniwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Namba 1 ni sarafu iliyochakaa hadi inatambulika kwa shida. Kuanzia 60 kwenda juu ni zile ambazo hazijawahi kuingia kwenye mzunguko, na 70 haina dosari hata ukiitazama kwa kioo cha kukuza. Kabla ya 1988, sarafu ya mwaka 1857 kutoka San Francisco yenye namba za 60 kwenda juu ilikuwa adimu sana. Mtu aliyekuwa nayo moja alijiona mfalme. Ghafla zikatoka baharini kwa maelfu. Uadimu, wanangu, ni habari ya leo tu. Kesho mtu akichimba mahali, au akizamisha roboti, hesabu yote inabadilika.

Kuna jambo jingine lililowezekana kwa sababu sarafu zilikuwa nyingi na safi. Sarafu hupigwa kwa chapa, yaani kipande cha chuma kigumu kilichochongwa picha kinyume, ambacho hugandamizwa kwa nguvu juu ya dhahabu. Chapa nazo huchoka, hupata nyufa, hukatwa vibaya mahali fulani. Dosari hizo hujitokeza kwenye kila sarafu iliyopigwa kwa chapa hiyo. Evans na wenzake waliweza kuzipanga sarafu kwa makundi kulingana na chapa zilizozaa kila kundi. Kundi moja linajulikana kwa kijimwiba chembamba kilichochomoza kwenye ngao ya tai. Mkusanyaji mwenye macho anaweza leo kushika sarafu yenye mwiba huo na kusema: hii na ile zilipigwa kwa chuma kimoja. Furaha ya kazi hii ipo hapo, katika kutazama mpaka uone.

Zilikuwepo pia sarafu ambazo hazikupigwa kwenye kiwanda cha serikali. Kabla kiwanda cha San Francisco hakijafunguliwa, wafanyabiashara wa California walijipigia za kwao, kwa sababu watu walichoka kununua mkate kwa kupima unga wa dhahabu kwenye mizani. Hata Augustus Humbert, mpimaji wa dhahabu aliyeteuliwa na serikali, alitoa sarafu za dola 50, nzito, zenye pembe nane, nazo zilipatikana humo.

Na matofali. Lililo kubwa kuliko yote walilipa jina Eureka. Lilitengenezwa na nyumba ya Kellogg na Humbert ya San Francisco, lina uzito wa kilo 29 hivi, na mwaka 2001 liliuzwa kwa dola milioni 8, bei iliyozidi mara nyingi thamani ya dhahabu iliyomo. Mnunuzi hakulipia dhahabu peke yake. Alilipia chapa za wapimaji, namba zilizopigwa ubavuni, na miaka ile 131.

Kwa sababu hiyo huumia kila nikumbukapo kwamba baadhi ya matofali yaliyotoka humo yaliyeyushwa, dhahabu yake ikapigwa sarafu mpya za ukumbusho zinazoiga za Kellogg za mwaka 1855. Sarafu hizo ni nzuri kutazama. Lakini tofali lenye namba yake na uzito wake lilikuwa shahidi, na shahidi huyo hayupo tena.

Mali nyingi huleta kesi nyingi. Mara tu dhahabu ilipoonekana, kampuni za bima zilijitokeza mahakamani zikisema: sisi ndio tuliolipa hasara ya 1857, kwa hiyo mali ni yetu. Kesi ilichukua miaka. Mwishowe mahakama iliwapa waliogundua takriban asilimia 92, kwa hoja kwamba bila kazi yao hakuna ambaye angepata chochote. Baadaye wale waliowekeza fedha katika kazi ya Thompson ya kutafuta meli wakamshtaki, wakidai hawajaona faida yao. Akatoweka mwaka 2012, akakamatwa Florida mwaka 2015, na mahakama ikamtaka aseme ziko wapi sarafu 500 za zile za ukumbusho. Alisema aliziweka chini ya uangalizi wa wengine huko Belize. Jibu halikumridhisha jaji, na Thompson akakaa gerezani karibu miaka 10. Mtu aliyeiona meli mahali ambapo hakuna aliyeweza kuiona aliishia hivyo.

Mwaka 2014 kampuni nyingine ilirudi mahali pale kwa idhini ya mahakama, ikatoa sarafu za dhahabu zaidi ya 3,000 na za fedha zaidi ya 10,000. Lakini nataka niwaambie kuhusu vitu visivyo vya dhahabu, vilivyotolewa humo miaka tofauti. Lilipatikana sanduku la safari la akina Easton, wale maharusi, na ndani yake shati lenye jina la Ansel. Wote wawili waliokoka. Sanduku ndilo lililobaki chini. Ilipatikana suruali ya kazi ya mchimbaji, ambayo iliuzwa mnadani mwaka 2022 kwa dola 114,000. Na ilipatikana picha, ya zile za kizamani zilizopigwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, ya msichana mrembo mwenye mabega wazi. Hakuna ajuaye jina lake. Nayo iliuzwa mnadani, mwaka 2023.

Je, ilikuwa halali kuviuza? Kisheria, ndiyo, mahakama iliruhusu. Moyo wangu lakini unatofautisha. Sarafu zilipigwa kwa maelfu, zikitengenezwa zipite mikononi mwa watu, na zikiendelea kupita mikononi mwa wanaozitunza sioni ubaya. Sanduku la nguo la mtu ni kitu kingine. Mahali pake ni jumba la makumbusho, pamoja na vingine vya meli ile ile, ili mtoto yeyote akaone bila kuwa na dola laki moja. Mwaka 2001 shirika la UNESCO lilipitisha mkataba unaopinga kufanya biashara ya vitu vya kale vilivyozama, na Marekani si mwanachama wake.

Afrika tuna mfano wa njia hiyo nyingine. Mwaka 2008, kwenye mgodi wa almasi wa Oranjemund, Namibia, wafanyakazi walikuta mabaki ya meli ya Wareno ambayo wataalamu wanaamini ni Bom Jesus, iliyopotea mwaka 1533 ikielekea India. Ilikuwa na sarafu za dhahabu zaidi ya 2,000, tani nyingi za shaba, na meno ya tembo zaidi ya 100. Hakuna kilichokwenda mnadani. Sheria ya Namibia inasema mabaki ya namna hiyo ni mali ya taifa, na vyote vimekaa pamoja. Kwa kuwa vimekaa pamoja, wanasayansi waliweza kuyapima yale meno na kugundua kwamba yalitoka kwa tembo wa misitu ya Afrika Magharibi, wa makundi 17 tofauti. Meno hayo yangetawanyika kwa wanunuzi mia moja, nani angeyauliza swali hilo?

Sasa nawaona wengine mmeshaanza kutamani. Sarafu ya Central America huuzwa kwa maelfu ya dola, na huja imefungiwa ndani ya kijaluba cha plastiki chenye karatasi inayotaja jina la meli. Usiicheke karatasi hiyo. Ukiitoa sarafu ndani ya kijaluba na kuipoteza karatasi, unabaki na dola 20 nyingine tu ya 1857, kwa sababu dada zake ambazo hazikupanda meli zina mwanamke yule yule, tai yule yule na S ile ile. Kwa hiyo tapeli haghushi sarafu sikuzote. Mara nyingine hughushi karatasi.

Hazina ya kuanzia ipo karibu. Waulizeni bibi na babu kama wamebakiwa na senti 50 za Tanzania za mwaka 1966, zenye picha ya sungura, au senti 20 zenye mbuni. Msizisugue. Zitieni kila moja kwenye bahasha yake, na juu ya bahasha mwandike ilitoka kwa nani, ilikuwa inanunua nini siku hizo, na mwenyewe aliipataje. Andikeni leo, maana bibi akianza kuhesabu bei za zamani huwa haishii kwenye sarafu moja.